Majibu kwa Mama Mdogo: Binti Yetu na Mchumba wa Kichina

Mama mdogo, shikamoo.

Sauti ulizonitumia baada ya kikao nimezisikiliza zote, pamoja na ile ambayo baba mkubwa anasikika kwa nyuma akisema mtoto wetu anaenda kulishwa nyoka. Nimecheka sana, halafu nikakaa kuandika, maana jambo lenyewe ni zito. Mdogo wangu ameleta mchumba wa Kichina, msimamizi wa ujenzi wa barabara, na kumbe kijana anatokea Hunan, mkoa huohuo nilioolewa mimi. Sasa ukoo unataka kujua kama hao watu wana mila, kama wanatoa mahari, kama wanaheshimu wazee, na binti akijifungua huku nani atamshika mkono. Nitawajibu yote bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na kwa kuwa kila Desemba nikija nyumbani kuna mtu ananiuliza hayohayo, naandika kwa urefu ili na wengine wasome.

Ninachokifahamu ni Changsha, mji mkuu wa Hunan ninakoishi, na kijiji cha wakwe zangu huko milimani. Hunan peke yake ina watu kama milioni 65, karibu sawa na Tanzania nzima, na ni mkoa mmoja tu. Kwa hiyo mkikutana na mtu aliyekaa Guangzhou akawaambia mambo tofauti, msiseme mmoja wetu mwongo.

Tuanze na baba mkubwa ili apumue. Watu wa Hunan wanakula wali, mboga za majani, samaki wa mtoni, na pilipili nyingi kuliko unavyoweza kufikiria. Nyama yao kubwa ni ya nguruwe, wanayoitia chumvi na kuikausha kwa moshi juu ya jiko la kuni mwezi wa mwisho wa mwaka wao. Nyoka alikuwa akiuzwa kwenye baadhi ya mahoteli kabla ya kula wanyamapori kupigwa marufuku mwaka 2020, lakini kwa wakwe zangu sijawahi kumwona mezani. Wanagandisha damu ya nguruwe wakaikata vipande na kuipika kwa pilipili. Mbele ya hiyo, watu wa Kibosho tunaokunywa kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, hatuna pa kuanzia kuwasema.

Mahari wanatoa. Tena huku limekuwa suala la kitaifa, serikali inalisemea kila mwaka. Sheria kuu ya madai iliyoanza kutumika Januari 2021 inakataza mtu kutumia ndoa kujipatia mali, lakini mila yenyewe ya mahari haikufutwa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikatoa mwongozo wa lini mahari irudishwe ndoa ikivunjika: majaji wanaangalia mliishi pamoja muda gani, kama kuna mtoto, na kiasi kilikuwa kikubwa namna gani kwa uwezo wa familia. Mnajua mambo yakifika kortini maana yake yalishawashinda wazee. Mkoa wa Jiangxi, jirani zetu wa mashariki, una sifa mbaya kwa hilo; kuna familia zinaingia madeni ya miaka kumwozesha kijana mmoja.

Juu ya fedha kuna dhahabu tatu: mkufu, pete, na bangili au hereni. Kuna sigara, pombe, chai na peremende. Orodha yetu ya mbege, mbuzi na blanketi la bibi haitamshangaza huyo kijana hata kidogo, na baba yake akisikia habari ya blanketi la bibi ataona amekutana na watu wenye akili zao. Kitu ambacho hatuna sisi ni hiki: wazazi wa binti wengi, hasa mjini, hiyo fedha hawaili. Wanamrudishia binti yao yote au sehemu kubwa, pengine na nyongeza, aanzie maisha. Wale wanaoila wanasemwa mtaani kwamba wameuza mtoto. Hilo mliweke akilini siku ya kupanga kiwango.

Gharama kubwa kuliko mahari ni nyumba. Kijana wa Kichina anayetaka kuoa anategemewa awe na fleti, na bei za mijini mtu wa mshahara haziwezi. Wenyewe wanazungumzia pochi 6 zinazonunua nyumba moja: ya baba na mama, na za babu na bibi wa pande zote mbili. Shikeni hiyo picha ya pochi 6, nitairudia.

Harusi yenyewe ungeipenda, mama mdogo. Kijijini baruti zinalia tangu alfajiri hadi masikio yanaziba. Bibi harusi anawapa wakwe chai kwa mikono miwili, na hapo ndipo anapowaita "baba" na "mama" kwa mara ya kwanza, nao wanampa bahasha nyekundu. Lakini kilichonivutia mimi kilikuwa mezani mlangoni. Mjomba wa mume wangu alikaa pale na miwani yake, mbele yake daftari jekundu na kalamu ya wino, na kila mgeni aliyefika alitoa fedha, ikahesabiwa hadharani, jina likaandikwa na kiasi pembeni yake. Mgeni akapewa pakiti ya sigara, akaenda kukaa. Jioni mama mkwe alilichukua lile daftari akalifungia kabatini pamoja na hati za nyumba.

Nilidhani ni kumbukumbu tu ya harusi. Mwaka uliofuata jirani akamwozesha mtoto wake. Mama mkwe akafungua kabati, akapitisha kidole kwenye majina mpaka akamfikia yule jirani, akasoma kiasi, akaongeza kidogo, akatia kwenye bahasha. Ndivyo wanavyoishi. Harusi, mtoto kutimiza mwezi, mzee kutimiza miaka 60 au 80, mtoto kupata nafasi chuo kikuu, msiba: kila shughuli ina bahasha na kila bahasha ina kumbukumbu. Sisi michango tunakusanya miezi mitatu kabla, na asiyetoa anapigiwa simu na mwenyekiti wa kamati hadi anazima simu. Wao hawapigii mtu simu. Usipotoa hakuna anayekuuliza, ila jina lako halipo kwenye daftari, na siku yako ikifika utajua. Kwa mtu wa mshahara mdogo miezi ya mwanzo wa mwaka ni kilio. Mume wangu naye ana orodha yake kwenye simu.

Sasa mama mkwe. Mnauliza kama atampenda binti yetu. Wangu hajawahi kunitamkia neno hilo, na sijasikia akimtamkia mwanawe wa kumzaa. Mara ya kwanza nilipofika kijijini aliniangalia kuanzia nywele hadi viatu, akaniuliza nimekula, akaingia jikoni. Akaniletea bakuli la tambi. Nilipokula nikafika katikati nikakuta yai, na chini yake yai jingine, yote mawili yamefunikwa na tambi ili shemeji zake waliokaa pale wasione nimependelewa. Tangu siku hiyo nimejifunza kusoma sahani yake. Akikasirika, chakula kinakuja bila pilipili, kama cha mgonjwa. Akifurahi ananiwekea mwenyewe kwenye bakuli kwa vijiti vyake, na hapo huna ruhusa ya kukataa. "Asante" nayo ipunguzwe. Ndani ya nyumba ukishukuru kila kitu wanaona unajiweka mbali, kana kwamba wewe ni mgeni.

Na binti ajiandae kuulizwa. Mshahara wako kiasi gani? Kodi ya nyumba? Mbona umenenepa? Lini mtoto wa pili? Wanauliza watu ambao umewafahamu kwa nusu saa, kwa moyo mkunjufu kabisa. Kujibu si lazima. Mimi mshahara wangu nautaja nusu.

Kuhusu uzazi, mama mdogo, hapo ondoa wasiwasi, pengine hata uwe na wasiwasi wa upande wa pili. Mzazi huku anakaa ndani mwezi mzima, haruhusiwi kushika maji baridi, haruhusiwi kupigwa na upepo, na wa zamani hawamruhusu hata kuosha nywele. Anakula supu ya kuku wa kienyeji, mayai yaliyochemshwa na sukari ya kahawia na tangawizi, tende nyekundu, supu ya miguu ya nguruwe ili maziwa yatoke. Wenye fedha wanaenda kwenye vituo maalumu vya wazazi, ambako mwezi mmoja unagharimu makumi ya maelfu ya yuan. Sisi tulikuwa na mama mkwe, aliyeshuka mlimani na kuku hai ndani ya mifuko.

Mimi nilijifungua Julai. Changsha ya Julai inafika nyuzi 36, 38, na unyevu juu yake. Mama mkwe alifunga madirisha yote, akanivalisha soksi na kofia, akazima kiyoyozi. Mume wangu akirudi kazini anakiwasha. Akiingia bafuni, mama anakizima. Nikampigia mama yangu Moshi kwa video nikitegemea anitetee. Mama, aliyetukuza kwa mtori na kumfungia kila mzazi ndani miezi mitatu, akamwangalia mwenzake kwenye kioo cha simu, akaonyesha kwa mikono: maji baridi hapana, upepo hapana. Yule naye akatikisa kichwa kwa furaha. Hawana lugha hata moja inayowaunganisha, na walielewana kuliko nilivyowahi kuelewana na yeyote kati yao. Nywele niliziosha usiku wa manane, wote wamelala.

Mwezi ukiisha mama mkwe haondoki. Hilo wengi hamlijui. Huku mwanamke wa kiwandani kwa miaka mingi amestaafu akiwa na miaka 50, wa ofisini 55, na ingawa tangu Januari 2025 umri huo umeanza kupandishwa taratibu, bibi mwenye nguvu zake asiye na ajira bado ndiye chekechea ya taifa zima. Wazazi wote wawili wanafanya kazi kuanzia asubuhi hadi usiku. Mtoto analelewa na bibi. Basi bibi anahamia kwenye fleti yenu ya vyumba viwili au vitatu, na babu anabaki kijijini na kuku. Nimeona wazee wengi waliotenganishwa hivyo, mume huku, mke kule, kwa ajili ya mjukuu.

Msaada ni mkubwa, nisiwe mchoyo wa shukrani. Lakini jiko si lako tena. Mtoto anavalishwa nguo nne mwezi wa Aprili, analishwa kwa kukimbizwa na kijiko sebuleni, anavishwa suruali iliyopasuliwa katikati ili ajisaidie kwa urahisi, na ukisema neno mume anakuomba kwa macho unyamaze. Ugomvi wa mke na mama mkwe Wachina wenyewe wanaufanyia tamthilia za televisheni za mwaka mzima, na kila jirani ana wake. Mdogo wangu hana subira na mtu kuingilia sufuria yake, tunamjua. Mwambieni.

Na huko kwenye kuwaachia mabibi watoto kuna upande wa huzuni. Uandikishaji wa wakazi ulioanzishwa kisheria mwaka 1958 umezifungamanisha shule na huduma nyingi na eneo ambako familia imeandikishwa. Watu wa vijijini Hunan wanakwenda kufanya kazi Guangdong, mkoa jirani wa viwanda, watoto wanabaki na babu na bibi kwa sababu kuwapeleka shule kule ni shida. Kijijini kwa wakwe zangu ukipita mchana unaona wazee na watoto, na kati yao hakuna mtu. Huyo mchumba aulizwe ameandikishwa wapi na mtoto wao atasoma wapi. Ni swali la kawaida, hatakasirika.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kikao hakikuliuliza, nami naona ndilo la kwanza. Huyo kijana ana ndugu?

Mume wangu hana. Alizaliwa wakati wa sera ya mtoto mmoja, iliyoshika nchi tangu karibu mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015. Tangu 2016 wakaruhusiwa wawili, tangu 2021 watatu, lakini kwa kizazi chetu mambo yalishapita. Vijijini mikoa mingi iliruhusu wa pili kama wa kwanza ni msichana, na kuna waliolipa faini wakazaa, ndiyo maana nasema aulizwe. Wanawake wenzangu wa Dar wakisikia sina wifi hata mmoja wananipongeza. Wanadhani ni raha.

Baba mkwe alipata kiharusi. Hospitali za huku matibabu ni mazuri, lakini unalipa amana kwanza, na kumlisha mgonjwa, kumgeuza na kumwosha ni kazi ya familia au ya mtu mnayemlipa kwa siku. Mume wangu alilala kwenye kitanda cha kukunja pembeni ya baba yake, asubuhi anakwenda kazini, mchana nakwenda mimi na mtoto mgongoni, usiku anarudi yeye. Hapakuwa na mtu wa kumpokea zamu. Binamu walikuja na matunda na bahasha, wakakaa saa moja, wakaenda kwa wazazi wao wenyewe, maana kila mmoja ana mzigo wake usiogawanyika. Pensheni ya mkulima ni kama yuan mia mbili hivi kwa mwezi, na bima ya vijijini inarudisha sehemu tu ya gharama. Zile pochi 6 zilizonunua fleti zilishakauka, na sasa pochi mbili, yangu na ya mume wangu, zinatazamwa na watu wote waliochangia.

Babu alipougua sisi tulikuwa watoto na wajukuu zaidi ya ishirini kwenye kundi la WhatsApp, tukigombana nani hajatuma. Mlikuwa mnakereka, mama mdogo, nakumbuka ulivyotoka kwenye kundi mara mbili. Huku nimeutamani ugomvi ule.

Kwa hiyo mkiniuliza kama Wachina wanaheshimu wazee, nawajibu kwamba wajibu wao kwa wazazi unafanana na wetu na kwa mambo mengine unauzidi. Tangu Julai 2013 hata sheria inamtaka mtoto anayeishi mbali awatembelee wazazi wake au kuwasalimia mara kwa mara. Kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee bado kwa wengi ni aibu, ingawa inaanza kuzoeleka mjini. Wanachokosa ni mabega ya kugawana wajibu huo. Binti yetu akiolewa na mtoto wa pekee, anakuwa nusu ya uzee wa watu wawili, na bado ana wewe. Msimuulize kama kijana anampenda, hilo tutaliona wenyewe. Waulize wote wawili, wakiwa wamekaa pamoja: mama yako akianguka bafuni Hunan, na mama yangu akianguka Moshi wiki hiyohiyo, nani anapanda ndege? Sisi hatukuulizana hilo kabla, tuliulizana korido ya hospitali, na si mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo.

Mambo ya sikukuu nayo ni ya familia. Mwaka wao Mpya unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20 hivi. Wa 2026 ulianza Februari 17. Ile safari ya kurudi nyumbani serikali inaihesabu kama msimu wa siku 40. Mchaga anayerudi Kilimanjaro kila Desemba hahitaji kuelezwa. Kila mtu na mizigo, kila basi na treni imejaa, kila aliyeko mjini anataka aonekane kijijini na gari. Tofauti ni kwamba treni zao zinakimbia, kutoka Guangzhou hadi Changsha ni kama saa mbili na nusu, na foleni ya Korogwe hawaijui. Usiku wa mkesha familia inakula pamoja, samaki anawekwa mezani na hamalizwi, watoto wanapata bahasha nyekundu, wazee wanacheza mahjong kwa fedha hadi asubuhi. Siku ya kwanza hawafagii. Vijana kwa wazee wa huku wanatafuna popoo kavu iliyotiwa viungo, utadhani uko Tanga kwa wala tambuu, ila saratani ya mdomo imewatisha, na mwaka 2021 matangazo yake yakapigwa marufuku redioni na kwenye televisheni.

Siku ya pili ya mwaka ni ya mabinti walioolewa kurudi kwao. Kila mwanamke kijijini anavaa, anachukua mume, watoto na zawadi, anakwenda kwa mama yake. Mwaka wangu wa kwanza nilibaki nimekaa kitandani na simu, Moshi ni mbali. Mama mkwe akaja, akasimama mlangoni akiwa ameshavaa koti, akasema neno moja: twende. Akanipeleka kwa mama yake mzazi, bibi wa miaka zaidi ya 80 asiye na meno, nikawekwa mezani upande wa mabinti wa nyumba ile. Tangu hapo siku ya pili naenda naye.

Kuhusu imani, padre aliniuliza, na najua dada zako wa jumuiya wataniuliza. Aprili 4 au 5 ni siku ya makaburi, sikukuu ya kitaifa tangu 2008. Tunapanda mlimani, mume wangu anafyeka majani kwa mundu, anawasha sigara na kuiweka juu ya kaburi la babu yake aliyekuwa mvutaji, anamwaga pombe kali, anachoma fedha za karatasi za kuzimu, baruti zinalipuliwa, halafu wanainama au kupiga magoti. Kanisa Katoliki lilibishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya karne mbili, likakataza, na mwaka 1939 Roma ikaruhusu waamini kuwaheshimu wazee wao namna hiyo. Mimi nainama, nafanya ishara ya msalaba, fedha za karatasi namwachia mwenyewe. Hakuna aliyewahi kunilazimisha. Kwa watu tunaozika wazee wetu kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na kupita makaburi yao kila tukienda kukata majani ya ng'ombe, sikuona geni sana. Na jina langu limechongwa kwenye jiwe la babu huyo, chini, pamoja na wake wengine wa wajukuu.

Majina yenyewe: mwanamke akiolewa haachi jina lake. Binti atabaki na la baba yake hadi kufa. Mtoto kwa kawaida anachukua la baba.

Rangi. Nisiwafiche. Kijijini watu walikuja kuniangalia kama wanaokuja kuona msiba, kimya, wamepanga mstari. Mjini mtu asiyekufahamu anashika nywele zako kwenye treni ya chini ya ardhi. Kuna mwenye nyumba aliyetukatalia pango aliponiona, mbele ya mume wangu, bila kujificha. Mtoto wangu anaitwa chokoleti na watu wanaodhani wanamsifu. Baba mkwe mwanzoni aliogopa maneno ya majirani kuliko alivyoniogopa mimi, na alichukua muda mrefu kunisemesha. Inapungua ukifahamika, na ukitoka nje ya mtaa unaofahamika inaanza upya. Kijana atakayemwoa awe mtu wa kufungua mdomo siku hiyo. Mwangalieni hapo kwenu: mtu akimtania binti yetu mbele yake, anacheka au anajibu?

La mwisho la lazima ni karatasi. Kibali cha ukaazi cha mke wa Mchina hakimruhusu kufanya kazi. Anayetaka kazi anatafuta kibali cha kazi kwa njia yake, na vigezo ni vigumu. Ukaazi wa kudumu unaombwa baada ya miaka 5 ya ndoa, ukiwa umeishi huku mfululizo muda huo, si chini ya miezi 9 kila mwaka. Ukienda nyumbani kuuguza mzazi miezi minne, hesabu inaharibika. China haitambui uraia wa nchi mbili, na Tanzania kwa mtu mzima nayo haitambui, hivyo mjukuu wako akizaliwa huku ni Mchina kwa sheria ya huku. Binti ni muuguzi mwenye leseni. Aje akijua kwamba pengine miaka ya mwanzo atakaa nyumbani akitegemea mfuko wa mume, na kwamba ule mfuko una wenyewe wengi.

Mkiridhika na majibu yake, msikatae. Nimeona ndoa nzuri huku, na yangu naihesabu humo. Mahari semeni kiasi cha kawaida cha kwetu, na mkiweza mrudishieni binti sehemu mbele ya wazazi wa kijana wakiona. Mtapata heshima ambayo milioni kumi haziinunui. Wakifika, wapokeeni vitu wanavyoleta kwa mikono miwili, msifungue zawadi mbele yao. Mbege waonjesheni, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, watampiga picha. Maziwa msiwasisitizie, wengi tumbo linawasumbua. Na wekeni chupa ya maji ya moto mezani tangu asubuhi, maji matupu, bila majani ya chai. Baba mkubwa atashangaa, lakini yule mama akiyaona atakaa kwa amani.